Nani Anatoa Hela? Kupima Wazo la Bidhaa Kabla Halijala Mtaji

Wenzetu waliokosa kikao cha wajasiriamali cha Jumamosi hapa Moshi, wengine wakiwa msibani na wengine sokoni, waliomba niwaandikie nilichosema. Haya ndiyo, karibu neno kwa neno. Picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu mgeni rasmi, viongozi wa vikundi, wakubwa zangu shikamooni. Dada na kaka, habari za asubuhi? Nyuma kule sijawasikia. Habari za asubuhi? Haya, sasa tumeamka.

Nimeombwa nizungumzie ubunifu. Waandaaji mnisamehe, sitauzungumzia. Ubunifu Moshi hatujawahi kupungukiwa. Nimekaa kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS, chama chetu cha akiba na mikopo, kwa miaka, na maandiko ya miradi yanayopita mezani kwetu yana kila kitu: sabuni ya mwarobaini, juisi ya rozela, unga wa ndizi, mkaa wa pumba, mafuta ya parachichi, programu ya simu ya kuita bodaboda. Watu wanabuni usiku na mchana. Shida huanza ukurasa wa pili.

Ukurasa wa kwanza wa andiko huwa mtamu. Bidhaa itatengenezwaje, mashine itatoka wapi, mafunzo yalitolewa na nani, cheti kimeambatanishwa. Ukifika mahali pa mnunuzi unakuta mstari mmoja tu. Mnaujua. Semeni kwa sauti. Naam: "Soko lipo."

Liko wapi? Linaitwa nani? Lina namba ya simu? Jana jioni lilinunua nini badala ya hicho chako, na lilitoa shilingi ngapi?

Leo nina swali moja, na nitalirudia mpaka mnichoke. Nani anatoa hela? Anayekupongeza tunamshukuru, anayekuombea Mungu ambariki, lakini nani anatoa hela?

Tuanze na mbege, maana ukumbi huu hakuna asiyeijua, hata walokole. Ndizi zilizoiva zinachemshwa, zinaachwa zichachuke, halafu unaongezwa uji wa ulezi uliooteshwa na kusagwa. Ikiwa tayari inanywewa. Kesho yake ni kali, keshokutwa hata mzee mwenye kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani, anaikunjia uso. Sasa pale Arusha kuna kampuni inaitwa Banana Investments. Wao walichukua pombe ya ndizi wakaitia kwenye chupa, ikakaa dukani, ikasafiri. Pombe yao iitwayo Raha mnaijua. Niwaulize: walihitaji kumfundisha nani kwamba ndizi ni pombe? Hakuna. Watu walikuwa wanatoa hela kwa pombe ya ndizi vizazi na vizazi kabla ya chupa ile. Kiwanda kilikuwa na jasho lake, sisemi ilikuwa lelemama, lakini swali la mnunuzi bibi zetu walikuwa wameshalijibu.

Kwa hiyo mtu akija kwetu amechangamka, akasema, "Bidhaa yangu haina mshindani, Kilimanjaro nzima hakuna anayefanya kitu kama hiki," mimi ndipo ninapoingiwa na wasiwasi. Mshindani yupo siku zote. Mshindani wa unga wako wa lishe ni uji wa sembe. Mshindani wa jiko lako banifu ni mafiga matatu ambayo hayauzwi popote. Na mshindani mkali kuliko wote ni uvumilivu: mtu tatizo analo, ameshalizoea, hatoi hata mia. Tatizo ambalo mtu hajawahi kulitolea hela, wala kulipotezea muda, wala kulitafutia ujanja wowote wa kienyeji, hilo bado halijafikia kuagizia mashine.

Ukienda kuuliza watu, basi, usiwaulize "Mngependa kitu kama hiki?" Watakuambia wangependa. Waulize mara ya mwisho tatizo hilo liliwapata lini, walifanyaje, na liliwatoa kiasi gani. Kama mara ya mwisho hawaikumbuki, umeshajibiwa.

Niwape kisa cha kijana mmoja wa Machame, fundi wa kuchomelea, mikono yake ina akili kuliko vichwa vingi ninavyovijua. Huyu amekua akiwaona wagumu wanapanda mlima na mizigo. Kwa wageni wetu kutoka Dodoma: mgumu ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, na jina lenyewe linajitosheleza. Mzigo uko kichwani au kisogoni juu ya ngata, shingo imekaza, mkono mmoja umeshika, mwingine unatafuta mizani kwenye mawe. Kijana akaona huruma, akabuni fremu ya chuma ya kubebea mgongoni, yenye mikanda ya mpira, inakunjwa. Nzuri. Nimeishika. Imechomelewa vizuri, kingo zimepigwa msasa, haimkwaruzi mtu. Akaja kuomba mkopo wa kutengeneza mia moja.

Kamati ilimuuliza kitu kimoja. Nani anatoa hela?

Akasema wagumu. Tukamwambia nenda kakae langoni asubuhi chache, usiuze kitu, tazama tu. Akaenda. Na alichokiona langoni hakikuwemo kwenye andiko lake.

La kwanza, mizani. Mzigo wa kampuni kwa mgumu mmoja unatakiwa usizidi kilo 20, na pale langoni unapimwa. Fremu yake ilikuwa na uzito wa karibu kilo tatu. Kila safari, kilo tatu za chuma zingechukua nafasi ya kilo tatu za chakula na mahema, na zile zilizobaki zingehitaji kichwa cha mtu mwingine. Kwa anayepanga safari, hiyo ni gharama, wala hataki kuisikia.

La pili, mgumu ni kibarua wa safari. Leo kampuni hii, wiki ijayo nyingine, msimu wa mvua anarudi shambani. Hela yake mfukoni inakwenda kwenye nini? Kwenye viatu, sweta la mtumba kutoka soko la Kiborloni, tochi, na ada ya mtoto. Kifaa cha kazi anategemea apewe na kampuni. Na kwenye kampuni mwenye kauli juu ya vifaa ni mtunza stoo.

Basi akawafuata watunza stoo. Huko akakuta habari nyingine kabisa. Fremu hawakuitaka. Lakini stoo zao zilikuwa na rundo la viti na meza za kukunja za hema la kulia chakula, zimevunjika miguu, na kila msimu wananunua nyingine. Walikuwa tayari wanatoa hela! Kijana akaanza kuzirekebisha, na sasa anatengeneza zake, nyepesi, kwa oda. Ile fremu ameitundika ukutani kwenye karakana. Mwenyewe anasema bado ni nzuri, na mimi nakubali ni nzuri.

Mmeona palipofichwa kitendawili? Anayetumia na anayelipa wakati mwingine ni watu wawili tofauti, na wewe unaweza kumjua mmoja kama ndugu yako huku mwingine hujawahi kumwona. Mtoto anakunywa uji, mama ananunua. Mwanafunzi anavaa sare, shule ndiyo inayomchagua fundi. Mgonjwa anatumia dawa, daktari ndiye anayeandika. Ukimridhisha mmoja ukamsahau mwingine, hujauza.

Kosa hili wamelifanya wakubwa kuliko sisi. Kulikuwa na pampu ya maji ilianzia Afrika Kusini, ikaitwa PlayPump. Ni bembea ya kuzunguka ya watoto: wanacheza, inazunguka, inavuta maji hadi kwenye tangi. Wazo tamu kiasi hicho utalikataaje? Mwaka 2006, huko Marekani, zilitangazwa ahadi za dola milioni 16.4 kuisambaza, na lengo likawa pampu 4,000 ifikapo 2010. Picha za watoto wanacheka, maji yanatoka, nani hatoi machozi?

Sasa fuata hela. Aliyelipa ni mfadhili, yuko mbali. Aliyepaswa kuchota maji ni mama wa kijijini, na wala hakuulizwa kama anaitaka badala ya pampu yake ya mkono. Watoto wakienda shule, au wakichoka, au mvua ikinyesha, nani anazungusha? Mama. Mama mtu mzima, amejifunga kanga, anasukuma bembea. Gazeti la Guardian la Uingereza lilipiga hesabu mwaka 2009: ili pampu moja iwatosheleze watu iliowaahidi, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kwa siku. Siku ina saa ngapi, ndugu zangu? Hesabu hiyo ingeweza kufanywa kwenye karatasi ya daftari kabla ya pampu ya kwanza kufungwa.

Nasema hivi kwa sababu humu ndani kuna vikundi vinavyoishi kwa ufadhili, na mfadhili ni mnunuzi mwenye hatari yake. Anapenda kitu kwa sababu zake. Siku akiondoka, unabaki na bidhaa ambayo watumiaji hawakuwahi kuilipia.

Haya, tuje kwenye sifa.

Sisi ni watu wa heshima. Mgeni akikupa kitu ukionje, utasema kitamu hata kama kimekukereketa koo. Huo ni utu wetu, sitaki tuuache. Lakini mjasiriamali anayepima bidhaa yake kwa sifa za majirani anapimia kwenye mizani iliyopinda. "Hongera sana dada, umetisha, Mungu akuinue." Umeandika oda ngapi? "Bado, ila wamefurahi sana."

Mama mmoja wa Soweto, Soweto yetu hii ya Moshi, anatengeneza achari ya pilipili na embe. Alipeleka vionjo kanisani, kwenye kikoba, kwenye sendofu mbili. Sifa zikamiminika. Akataka mkopo wa chupa za kioo, vifuniko vya dhahabu, na lebo ya rangi nne. Tukamwomba jambo dogo: arudi kwa wale wale waliomsifu, awaambie awamu ijayo inatoka Ijumaa, chupa ni shilingi 3,500, anachukua kianzio cha elfu moja leo. Basi.

Wale waliosifu sana walikuwa na dharura. Mwingine "nitakutumia jioni", mwingine "subiri mwezi uishe". Mnacheka kwa sababu mnawajua. Waliotoa hela papo hapo walikuwa wauza chipsi wawili wa karibu na stendi, ambao hata hawakumpongeza. Mmoja aliuliza tu, "Una dumu la lita tano?" Chupa hakuitaka. Lebo hakuitaka. Alitaka achari nyingi, isiyochacha upesi, ya bei ambayo akiimwaga juu ya chipsi mayai bado anabaki na faida. Mnunuzi alikuwa pale siku zote na mafuta yake yanachemka, na andiko zima lilikuwa linamtafuta mtu wa supamaketi.

Kianzio ndicho kipimo. Elfu moja iliyotoka mfukoni inasema kweli kuliko hongera mia. Na uwe muungwana: mwambie mtu wazi kwamba bidhaa bado, mpe tarehe, ukishindwa rudisha hela yake bila kuombwa. Moshi ni mji mdogo.

Vijana mtaniambia hiyo ni mambo ya achari, sisi tunafanya teknolojia. Sawa. Mwaka 1999 kule Marekani, bwana mmoja anaitwa Nick Swinmurn alitaka kujua kama watu watanunua viatu kwenye intaneti bila kuvijaribu mguuni. Hakujenga ghala. Alikwenda maduka ya viatu ya mtaani, akaomba kupiga picha, akaziweka kwenye tovuti. Oda ikija, anarudi dukani, ananunua jozi ile kwa bei ya dukani, anaituma. Kwa mauzo yale hakuwa anapata kitu. Alichokuwa anakinunua ni jibu. Kampuni ikaja kuitwa Zappos, na mwaka 2009 ikanunuliwa na Amazon.

Sasa mniambie, mambo hayo hamjayaona hapa? Dada zetu wa WhatsApp wanafanya nini kila siku? Anapiga picha gauni la mtu kwenye duka la mtu, anaweka status, "Inapatikana, njoo inbox." Halina hata harufu ya kuwa lake. Wakijitokeza watatu, anakwenda kulichukua. Wasipojitokeza, kesho anaweka kiatu. Watu wanawacheka hao, mimi nawavulia kofia. Wanapima soko kwa bando la shilingi mia tano wakati mwenzao amekopa milioni tatu kununua marobota.

Na ukifanya jaribio dogo, tafadhali fumbua macho, maana watu wanaweza kukununulia kitu ambacho hukukusudia kuwauzia. M-Pesa ilianza majaribio Kenya mwaka 2005, na wazo la awali lilikuwa la mikopo midogo: mkopaji apokee mkopo na alipe marejesho kwa simu. Wale wateja wa majaribio wakaanza kuitumia kutumiana hela wao kwa wao. Hayo hayakuwa kwenye andiko. Waliokuwa wanaendesha jaribio wangeweza kusema, "Nyie mnatumia vibaya mfumo wetu." Hawakusema hivyo. Machi 2007 Safaricom wakaizindua kama huduma ya kutuma pesa nyumbani, mwaka uliofuata ikaja kwetu kupitia Vodacom, na leo mtu ananunua nyanya sokoni Mbuyuni bila kutoa noti.

Sasa hesabu. Najua hapa ndipo watu wanapokumbuka kwenda msalani. Kaeni.

Tuchukue siagi ya karanga, kopo la gramu 400. Bei nitakazotaja ni za mfano, kila mtu aweke zake. Karanga zilizoingia ndani ya kopo, 2,000. Kopo na mfuniko, 700. Lebo 150. Kukaanga na kusaga 250. Usafiri 200. Jumla 3,300. Dukani linauzwa 5,000. Watu wengi humu wataandika: faida 1,700. Andiko limeisha, tunaomba mkopo.

Hapana. Mwenye duka naye ana watoto. Atalichukua kwako kwa 4,200. Imebaki 900. Na atalichukua kwa mali kauli, maana hakujui: akiuza ndipo akulipe. Umempelekea makopo 20. Mawili yamekaa juani dirishani mpaka mafuta yakapanda juu, hayakuuzwa, au yameuzwa na hela haionekani, yote ni mamoja. Makopo 20 yalikugharimu 66,000. Umelipwa 18, kila moja 4,200, ni 75,600. Umebaki na 9,600. Umefanya kazi siku mbili, wewe na binti yako, na umezunguka kudai mara tatu. Kibarua wa kupalilia amekuzidi.

Je, ndiyo kusema siagi ya karanga haifai? Sijasema. Nimesema kwa njia hii, kwa kopo hili, kwa duka hili, haifai. Shule ya bweni inayochukua ndoo kila wiki na kulipa taslimu inabadilisha kila mstari. Hesabu inakuonyesha wapi pa kusukuma: kifungashio, njia ya kuuzia, au bei. Asiyepiga hesabu anasukuma popote, na kwa kawaida anasukuma kwa kufanya kazi zaidi, akizalisha hasara nyingi zaidi kwa siku.

Kwenye hesabu hiyo ingiza na muda. Kampuni ya Motorola ya Marekani ilibuni Iridium, simu ya setilaiti ya kupiga popote duniani, jangwani, baharini, kileleni Uhuru. Wahandisi walianza na wazo hilo miaka ya 1980. Setilaiti 66 angani, dola zipatazo bilioni 5. Huduma ilifunguliwa Novemba 1998, na Agosti 1999 kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi, yaani mahakama iikinge na wadai kwa kuwa imeshindwa kulipa madeni. Simu yenyewe ilikuwa kubwa, bei yake kama dola 3,000, na ndani ya nyumba ilikuwa haishiki. Wakati wanajenga, minara ya simu za kawaida ilikuwa inaota kila mji. Mfanyabiashara waliyemwazia miaka ya 1980 alikuwa ameshanunua simu ndogo ya mfukoni. Walitengeneza kitu kilichofanya kazi kweli, kwa mteja aliyekuwa ameshaondoka.

Kwa kifupi sana kuhusu sheria, kwa sababu maafisa wapo hapa na watawaeleza mchana. Waliokuwa wanapakia pombe kwenye viroba, vile vipakiti vidogo vya plastiki, walipigwa marufuku Machi 2017. Mifuko ya plastiki ikafuata Juni 2019. Kabla hujatumbukiza mtaji kwenye kifungashio, uliza. Chakula na vipodozi, tangu 2019, viko chini ya TBS, Shirika la Viwango. Mjasiriamali mdogo aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, apate barua ya utambulisho, asianzie kwa kijana anayejua kuchapa nembo ya TBS mjini. Nadhani tumeelewana.

Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu kuna watu wanakata tamaa mapema. Wakati mwingine tatizo ni la kweli, bidhaa inafanya kazi, na bado haiuziki, kwa sababu inaomba hela kwa namna isiyolingana na jinsi mteja anavyoishika hela yake.

Mnayajua maji ya pembeni mwa Mlima Meru. Yana floraidi nyingi, na meno ya ndugu zetu wa huko yana rangi yake. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huko kuna vyanzo vinavyopita hapo kwa mbali. Dk. Askwar Hilonga, mtoto wa Gongali kule Karatu, wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Tengeru, alitengeneza chujio la maji linalotumia mchanga pamoja na teknolojia ya nano, yaani ya chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Mwaka 2015 akashinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, akiwa wa kwanza kabisa kuipata. Sasa, kaya ambayo kila siku inatafuta hela ya siku hiyo, inatoa wapi hela ya chujio kwa mkupuo? Jibu likawa vituo vya maji: chujio linakaa kituoni, mwananchi ananunua maji safi kwa kiasi anachokiweza. Chujio lile lile, ila sasa bei yake inaingia kwenye mkono wa mtu anayenunua sukari ya kupima.

Off-Grid Electric, iliyoanzia Arusha, ilifanya jambo la jamaa hiyo na umeme wa jua: lipa kidogo kidogo kwa simu. Familia tayari zilikuwa zinalipia mwanga kidogo kidogo, kibatari na chupa ya mafuta ya taa. Nani alikuwa anatoa hela? Yule yule. Walimfuata kwenye mwendo wake.

Kwa hiyo kabla ya kuua wazo, geuza namna ya kulipia. Kodisha badala ya kuuza. Uza kipimo kidogo. Uza huduma ya mashine badala ya mashine. Kama hata hapo haliendi, basi.

Na hiyo "basi" ndiyo ngumu kuliko yote. Kuna kikundi cha kina mama, wengine wapo humu na wameniruhusu kusimulia, waliotaka kutengeneza mkaa mbadala wa maganda ya kahawa. Kabla ya kuanza waliandika kwenye daftari la kikundi mambo mawili: hatutatumia zaidi ya laki mbili, na ikifika mwisho wa mwezi wa tatu kama mama lishe kumi hawajarudi kununua mara ya pili bila kuombwa, tunaacha. Angalieni: kununua mara ya pili. Mara ya kwanza mtu hununua kwa kukuonea huruma.

Mama lishe walinunua. Wakasema unachelewa kushika, asubuhi mteja wa chai hasubiri. Wakasema ukipata unyevu kidogo unabomoka. Waliorudi walikuwa wanne. Mwezi wa tatu ulipoisha kulikuwa na mabishano makali, maana kila mtu alishauzoea mradi, na mmoja alikuwa ameshampa mume wake hesabu za nyumba. Mwenyekiti akafungua daftari, akasoma yale maandishi, akalifunga. Wakaacha. Hawakupata bidhaa nyingine ya ajabu, msitegemee kisa kiishe hivyo. Walirudi kwenye kukopeshana na kufuga kuku kama zamani. Ila hakuna aliyekimbilia mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kuumiza, kuokoa mradi, na hakuna jirani anayemkwepa mwenzake njiani.

Andikeni mpaka wenu wakati bado mnapendana. Mtaji ukishaanza kukata, kila mtu anakuwa na sababu nzuri ya kuendelea wiki moja zaidi.

Najua wengi mnasubiri ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, lakini ni mkopo, unarudishwa. Fomu zipo pale mezani kwa afisa maendeleo ya jamii. Kabla hamjazijaza, nina kazi ya kuwapa.

Sasa tunakwenda kunywa chai. Tukirudi tutakaa kwa vikundi, na sitaki kikundi kiniletee jina la bidhaa. Nileteeni jina la mtu mmoja aliye hai, alichonunua wiki hii kwa ajili ya tatizo mnalotaka kulitatua, amekinunua wapi na kwa shilingi ngapi. Wasio naye, soko la Mbuyuni haliko mbali. Nendeni mkamtafute, chapati zenu tutawafunikia.